Fundi Asiyeiamini Skrini

Windows huipa kadi ya grafiki sekunde mbili. Gemu ikiituma kazi, tuseme ichore moshi wa bomu na kivuli kinachotembea ukutani, na sekunde hizo zikapita kadi haijamaliza wala haijakubali kuiweka kazi kando, mfumo unaihesabu kuwa imeganda. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, inaamriwa iirudishe kadi mwanzo. Kioo kinaingia giza, kinawaka tena, na ujumbe unabaki kwamba draiva ya skrini iliacha kujibu lakini imepata nafuu. Gemu mara nyingi haipati nafuu yoyote. Vyote ilivyokuwa imevipanga ndani ya kumbukumbu ya kadi vimefutika, nayo inajifunga na kumwacha kijana akiitazama picha ya ukutani mwa kompyuta yake katikati ya mechi, huku wenzake wakimsuta kwenye hedifoni.

Utaratibu huu ulikuja na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa wateja wa kawaida Januari 2007. Kabla ya hapo kadi ikiganda, mashine nzima iliganda nayo, na dawa ilikuwa kubonyeza swichi. Kwa hiyo ni maendeleo, sitaki kuonekana mtu asiye na shukrani. Ila ujumbe ule umewafundisha watu tabia mbaya. Kwa kuwa unaitaja draiva, kila mtu huishika draiva. Anaifuta, anapakua mpya, anawasha, gemu inaanguka. Anapakua ya zamani, anawasha, inaanguka. Wikiendi imekwisha, bando limekwisha, na alichojifunza ni kwamba gemu inaanguka.

Fundi ninayetaka kumsifu hapa haanzi kwa draiva. Anafanya kazi kwenye gereji nyuma ya nyumba ya kupanga, Auburn, kilomita kama 20 magharibi ya katikati ya jiji la Sydney. Ni mtaa ambao ukishuka stesheni unaiona minara miwili ya msikiti wa Gallipoli, uliojengwa kwa mtindo wa Kiosmani na kufunguliwa 1999, na ukifuata Auburn Road unapishana na harufu ya mkate wa Waturuki, nyama choma ya Waafghani na supu za Wachina kabla hujasikia, kwenye kona fulani, watu wawili wakibishana kwa Kiswahili cha Kongo. Yeye ni wa Uvira. Kambi ya Nyarugusu kule Kigoma ilimpa miaka mingi ya kukaa na redio zilizokufa, na mchana sasa anapanga mizigo ghalani. Hana kibao mlangoni. Vijana wa Kikongo, Kirundi na Kitanzania wanamjua, na vijana hao wamewapeleka kwake rafiki zao wa Kilebanoni na wa Kinepali.

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki pale gerejini jioni nyingi, bila shida ya kompyuta, kwa sababu tu napenda kumtazama mtu asiye na haraka. Kijana anafika amebeba mashine iliyofungwa kwa blanketi, jasho linamtoka, na kabla hajaitua chini ameshaanza.

"Anko, nimeweka draiva mpya, nimeweka ya zamani, nimefuta kila kitu..."

"Sijakuuliza umefanya nini, mwanangu. Inaanguka lini?"

"Nikicheza."

"Ukicheza nini? Baada ya muda gani? Kioo kinaingia giza kinarudi, au mashine inajizima yote? Feni zinaendelea kuzunguka? Sauti inakatika au inabaki ikikwaruza?"

Kijana hajui. Fundi hakasiriki. Anafungua daftari la shule lenye mistari, anaandika tarehe, anaacha nafasi, na kumwambia akae. Kinachofuata humshangaza mteja kwa jinsi kinavyochosha. Mashine inawashwa bila kuguswa kitu, gemu inafunguliwa, na watu wawili wazima wanasubiri ubaya utokee. Fundi mwingine angekuwa ameshaingia kwenye mipangilio. Huyu anataka kwanza kuiona ajali kwa macho yake, kwa sababu mteja huleta ajali pamoja na tafsiri yake, na tafsiri ndiyo inayopoteza muda.

Ikishaanguka anaingia kwenye kumbukumbu za matukio ambazo Windows hujiandikia yenyewe. Hapa ndipo ufundi unapoanza kuonekana, ingawa kwa mpita njia ni mtu anayesoma orodha ndefu ya maandishi madogo. Tukio namba 4101 maana yake ni lile la sekunde mbili: kadi iliganda, draiva ikairudisha. Tukio namba 41 la upande wa umeme ni habari nyingine kabisa. Mashine ilizimika bila kuaga, na mara nyingi draiva haikuhusika hata kidogo. Yakionekana yale yanayoandikwa kwa jina la WHEA, basi ni vifaa vyenyewe vinavyolalamika, prosesa au njia inayoiunganisha na kadi. Na kadi ikiganda mara nyingi mno ndani ya dakika moja, zaidi ya tano, Windows inakata tamaa na kutoa skrini ya buluu yenye namba 0x116. Kijana aliyekuja na malalamiko ya aina moja anaweza kuwa ameanguka kwa njia tatu tofauti ndani ya wiki, kila moja na chanzo chake, na yeye akaziita zote jina moja.

Jina analolisoma mara nyingi kuliko yote kwenye orodha hiyo ni la faili la draiva ya Nvidia, nvlddmkm. Wateja hulinyooshea kidole kwa furaha: si hilo hapo, anko, limeandikwa! Siku moja nilimsikia akijibu kwa maneno mawili tu, mjumbe hauawi, kisha akaendelea kusoma. Draiva ndiyo inayosimama kati ya gemu na kadi. Lolote likiharibika upande wowote, yeye ndiye anayekutwa mahali pa tukio na ndiye anayepeleka taarifa. Kumfuta kila mara taarifa ikija ni kujinyima taarifa.

Lakini asidhaniwe kuwa ni wakili wa draiva. Historia haimruhusu. Nyaraka za Microsoft zilizotolewa mahakamani mwaka 2008, katika kesi iliyohusu nembo za Vista, zilionyesha kuwa asilimia 28.8 ya maanguko ya Vista yaliyorekodiwa 2007 yalihusishwa na draiva za Nvidia, na asilimia 17.9 na Microsoft yenyewe. Machi 2010 Nvidia ilitoa draiva toleo 196.75 ambalo liliharibu udhibiti wa feni kwenye baadhi ya kadi, kadi zikachemka, na kampuni ikaliondoa haraka. Kwa hiyo kwenye flashi yake fundi huyu ana draiva za miaka mingi, zimepangwa kwa namba na tarehe, na akiamua kuwa sasa ni zamu ya draiva anaifanya kazi hiyo kwa ukamilifu ambao wengi hawana subira nao. Anachomoa intaneti kwanza, maana Windows ikiwa mtandaoni ina tabia ya kujipakulia draiva yake yenyewe kabla hujaweka yako. Anaingia kwenye hali salama, anaendesha ile programu ya DDU inayokwangua mabaki yote ya draiva iliyotangulia, anawasha upya, ndipo anaweka toleo moja alilolichagua kwa sababu. Sababu inaandikwa kwenye daftari.

Kuna jaribio lake moja ambalo ni zuri hadi mtu unataka kulipigia makofi, nalo halihitaji programu yoyote. Anatazama kioo kabla Windows haijaamka, wakati ile nembo ya kiwanda cha ubao inapotokea. Kukiwa na vidoti vya rangi, mistari au viraka vya mraba tayari hapo, kesi ya draiva imekufa, kwa kuwa draiva yenyewe bado haijapakiwa. Ni kadi inayoumwa, na mara nyingi ni chipu zake za kumbukumbu. Jaribio la pili ni la kupunguza. Kadi nyingi hutoka kiwandani zimeshaongezwa kasi kidogo ili boksi lisomeke vizuri. Anaishusha kasi hiyo megahezi chache, labda mia, kiasi ambacho mchezaji hatakiona kwa jicho. Gemu ikitulia, amejua kuwa kadi hiyo haiwezi kubeba kasi iliyouzwa nayo. Hajaitengeneza bado, na anasema hivyo. Amepata jibu la swali moja tu.

Ila hata ushahidi wa kasi huweza kupotosha. Septemba 2020, Nvidia ilipotoa kadi ya RTX 3080, wachezaji wengi waliona gemu zao zikijifunga pale kasi ya kadi ilipopanda na kuvuka gigahezi 2. Watu wenye lenzi na bisibisi wakafungua kadi, wakatazama kapasita ndogo zilizo nyuma ya chipu, wakakuta viwanda vimetumia aina tofauti, na kesi ikaonekana imekwisha: wametubania kapasita. EVGA, mmoja wa watengenezaji wa kadi, ikakiri kuwa mpangilio wake wa awali wenye kapasita za aina moja haukufaulu majaribio ya mwisho na ikaubadilisha kabla ya kuuza. Kisha, kabla mwezi haujaisha, Nvidia ikatoa draiva 456.55, na malalamiko mengi yakapoa. Kila kidole kilikuwa kimenyooshewa vifaa, na nafuu ikaja kwa programu.

Miaka michache baadaye ikawa kinyume chake, na hii ndiyo kesi fundi wangu anayoisimulia akiwa amekunywa chai. Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile za juu kabisa za mezani, walianza kuona gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine zikikataa kufunguka na kutoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya video haitoshi. Fikiria: mtu amenunua kadi yenye gigabaiti 24, gemu haijachora hata mlango, na anaambiwa kumbukumbu ya kadi imekwisha. Wakabadilisha draiva. Wengine wakabadilisha kadi. Mwanzoni mwa 2024 RAD Game Tools, wanaotengeneza programu ya kufungua data zilizobanwa ndani ya gemu nyingi, wakatangaza kuwa walichokiona ni prosesa zinazokosea hesabu. Gemu inapofunguka, prosesa ndiyo inayozifungua na kuziandaa zile programu ndogo za kuchora kabla hazijapelekwa kwenye kadi. Hesabu moja ikienda kombo, kinachofika upande wa pili ni takataka, na aliye karibu zaidi na takataka hiyo, yaani upande wa grafiki, ndiye anayepiga kelele. Aprili mwaka huo Nvidia yenyewe iliwaelekeza wenye ujumbe huo wawasiliane na Intel. Intel ikaeleza kuwa prosesa zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi, ikatoa marekebisho kuanzia Agosti 2024, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Prosesa iliyokwisha kuchakaa, marekebisho hayo hayakuiponya.

Alichonionyesha fundi kwenye kesi hiyo ni jinsi ya kuigundua bila kusubiri tangazo la mtu yeyote. Akichukua mashine ya aina hiyo anaacha kadi kama ilivyo na kushusha kasi ya prosesa hatua mbili. Gemu ikifunguka, basi prosesa ndiyo mshukiwa. Kisha anafungua faili kubwa lililobanwa, lile la kuweka draiva lenyewe, tena na tena, kwa sababu kazi hiyo haina mchoro wowote na haiigusi kadi. Prosesa mgonjwa huko nako huanza kusema faili limeharibika. Napenda sana akili ya namna hii. Ameiondoa kadi kwenye chumba kabisa, na kosa bado limo chumbani.

Mengine ni ya kawaida zaidi na sitayapa nafasi kubwa. Gemu moja tu ikianguka na nyingine zote zikiwa salama, anakagua mafaili ya gemu hiyo na kufuta hazina yake ya michoro iliyoandaliwa, na mara nyingi jioni inaishia hapo. RAM iliyowekewa kasi ya nyongeza kwenye mipangilio ya ubao huirudisha kwenye kasi yake ya kuzaliwa na kuipima usiku kucha. Programu zinazopachika vibandiko juu ya gemu huzizima zote.

Umeme ndio mahali anapong'aa, na nadhani anajua hivyo. Mtu aliyelelewa na umeme wa Uvira hauamini umeme, hata wa Sydney. Kadi za kisasa huvuta kwa kishindo. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho zinaweza kudai mara mbili ya zilichoandikiwa, na pawa saplai iliyoonekana kutosha kwenye karatasi ikajikata. Kanuni za ATX 3.0 za mwaka 2022 zililazimika kulitambua jambo hili na kuzitaka pawa saplai zivumilie vishindo hivyo vya mikrosekunde 100. Kwa hiyo kabla hajabadilisha kitu kingine chochote yeye hutazama waya. Waya mmoja wenye vichwa viwili, vyote vimechomekwa kwenye kadi moja kubwa? Anatoa, anaweka nyaya mbili tofauti zinazotoka kwenye pawa saplai kila moja kwa njia yake, na hajagusa kitu kingine. Ana pawa saplai zake za majaribio, anazozijua tabia, nyingine zimeokotwa kwenye marundo ambayo watu wa hapa huweka kando ya barabara ili halmashauri ikazoe. Sydney hutupa vitu ambavyo Kariakoo vingekuwa na duka lake.

Halafu kuna joto. Magharibi ya Sydney haipati upepo wa bahari kama fukwe zinazoonekana kwenye kadi za posta. Tarehe 4 Januari 2020 kipimo cha Penrith, upande huu huu wa jiji, kilisoma nyuzi 48.9. Chumba cha kijana, dirisha limefungwa, mashine imesukumwa ndani ya kabati ili mama asiione: kadi inafanya kazi ndani ya oveni. Ndiyo maana daftari lina safu ya mwezi. Mashine inayoanguka Januari na kutulia Julai haina haja ya draiva. Anaipeleka uani, anaipuliza kwa bloa huku amezishika feni kwa kidole zisizunguke, na ikibidi anaifungua kadi, anakwangua ile pesti ya kijivu iliyokauka kati ya chipu na chuma cha kupoozea, anapaka mpya. Nimemwona akifanya hivyo taratibu kiasi kwamba mteja, aliyetaka kuwahi mechi, aliamua kwenda kununua chipsi.

Ziko dawa za mkato, naye anazijua. Mojawapo ni kuingia ndani ya rejista ya Windows na kuongeza zile sekunde mbili ziwe nane au kumi. Microsoft imeweka mipangilio hiyo kwa ajili ya wanaotengeneza na kupima draiva, si kwa mchezaji. Kwa mtu anayechora kazi nzito za pande tatu, ambako hesabu moja halali inaweza kweli kuchukua muda mrefu, kuongeza muda kuna maana, na kuna programu za kazi hizo zinazowashauri watumiaji wake kufanya hivyo. Kwa gemu ambayo inatakiwa kuchora picha 60 kwa sekunde, kusubiri sekunde kumi ni kuongeza urefu wa kuganda tu. Akikuta mteja ameshaibadilisha, anairudisha palepale, maana ikibaki hivyo hataiona ajali inapotokea.

Kanuni yake kubwa, kama ana kanuni, ni kubadilisha kitu kimoja, kujaribu, kuandika, na kukirudisha kilivyokuwa kama hakikusaidia. Kila mtu huikubali kanuni hii kwa mdomo. Saa tano za usiku, kahawa imepoa na kijana anauliza kama imepona, mkono unataka kubadilisha vitatu kwa mpigo, na gemu ingetulia, na pesa ingelipwa. Sijamwona akifanya hivyo. Anasema akibadilisha vitatu hatajua amemuuzia mteja kipi.

Kuna kazi anazozikataa. Kubandua chipu za kumbukumbu na kuchomelea nyingine kunataka mashine ya hewa moto na macho ambayo anasema umri umeyachukua. Wala hataki habari za kuiweka kadi kwenye oveni ya jikoni, mtindo ulioenea baada ya 2008, mwaka ambao Nvidia ilitenga dola milioni 196 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta za mapajani zilizokuwa zikifa kwa sababu ya malighafi dhaifu ya ufungaji. Kadi ya namna hiyo hufufuka kwa wiki chache, na jiko hubaki na sumu.

Kama kadi bado ni mpya kiasi, anamrudisha mteja dukani, na hapa daftari linafanya kazi ambayo sikuitarajia. Sheria ya walaji ya Australia, inayotumika tangu 1 Januari 2011, humpa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaokubalika kwa muda unaostahili, hata kama dhamana ya kiwanda imekwisha, na kasoro ikiwa kubwa mnunuzi ndiye anayechagua kati ya kurudishiwa pesa na kupewa nyingine. Vijana wengi wa kwetu hawaijui haki hiyo, na wazazi wao, waliozoea maduka ambayo bidhaa ikishatoka mlangoni ni yako na Mungu wako, huona aibu kurudi. Fundi huwanakilia ukurasa mzima kwa Kiingereza kifupi: toleo la draiva lililojaribiwa na tarehe yake, pawa saplai mbadala, RAM kwa kasi ya kawaida, kadi ileile kwenye mashine nyingine, saa ya kila ajali na namba ya tukio. Kijana anaiweka karatasi hiyo kwenye kaunta. Muuzaji, ambaye sentensi yake ya kwanza huwa ni kwamba mteja aende nyumbani akaweke draiva mpya, anaisoma mpaka chini, anageuza nyuma kuona kama kuna kingine, kisha anaomba risiti.